DDT hufikaje kwa ndege wa ncha ya kaskazini?

Mwanafunzi, Tanga: Shikamooni wakubwa zangu. Ninajiandaa kwa shahada ya uzamili kuhusu sumu katika ndege wa Aktiki. Leo alfajiri, katika soko la samaki la Deep Sea, nilimtazama shakwe akinyakua matumbo ya jodari, nikajiuliza: kule kusiko na mashamba, DDT, ile dawa ya kuua wadudu, hufikaje?

Mzee wa Chumbageni: Marahaba, mwanangu. Penye joto hugeuka mvuke, hubebwa na upepo, hutua penye baridi, kisha huinuka tena, hadi ifike mahali ambapo baridi haiiruhusu kuinuka. Hata pengwini wa Antaktika walikutwa nayo katika miaka ya 1960.

Dada wa Pangani: Naongezea kuhusu mlolongo wa chakula, maana ndipo penye uzito. DDT hukaa katika mafuta na hutoka mwilini polepole mno, hivyo hulimbikizana kutoka planktoni, vile viumbe vidogo mno vya majini, hadi samaki, na kutoka samaki hadi ndege, ambaye naye hupitisha sehemu yake katika kiini cha yai. Katika kisiwa cha Prince Leopold, Kanada, mayai yamechunguzwa tangu 1975. Zebaki, sumu nyingine, lakini, hushika protini. Itafute katika ute wa yai na manyoya.

Mwanafunzi: Ahsanteni sana. Nitapima ute na kiini kando kando.