Naomba ushauri: mwongozo wa bodi zinazoigwa na QEMU

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma, nafundisha vijana kuandika programu za vifaa vidogo. Bodi halisi za elektroniki hazitoshi, hivyo tunatumia QEMU, programu ya bure aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, inayoiga mashine nzima ndani ya kompyuta.

Naandaa mwongozo wa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila bodi. Vinavyoigwa ni rahisi kuandika: micro:bit ya kwanza, bodi ndogo ya kujifunzia, ina prosesa ya Cortex-M0 na RAM ya kilobaiti 16, basi. Kazi ipo kwenye visivyoigwa, yaani sehemu za bodi ambazo QEMU haina. Redio yake haimo, kwa hiyo kijana anayejaribu kutuma ujumbe kati ya bodi mbili atahangaika kutwa akidhani programu yake ndiyo mbovu. Kwangu hiyo ni sehemu muhimu kuliko zote, maana humwokolea mtu muda na moyo wa kuendelea.

Sasa, visivyoigwa niviweke juu kabisa, kabla ya amri ya kuwasha bodi, au chini ya vinavyoigwa? Na matoleo mapya ya QEMU yakiongeza vifaa, mnafanyaje mwongozo usipitwe? Nafikiria kutaja namba ya toleo kila ukurasa. Aliyewahi kuandika nyaraka za aina hii anielekeze tafadhali, hata kwa mfano wa ukurasa mmoja.