Tupeane uzoefu: moyo unaoingia giza kila msimu ule ule ukirudi

Binti wa Pwani (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Masika yameshabisha hodi, na mwaka huu nataka kulisema hili kabla halijanikuta.

Nafanya kazi hotelini, pwani ya mashariki. Ikifika Aprili wageni wanakatika, hoteli inafungwa, tunarudishwa majumbani hadi Juni. Miaka yote nikiamini kinachonitesa ni kukosa mshahara tu. Nalala mpaka saa tano, simu sipokei, chakula nala kwa kulazimishwa, na mvua ikipiga bati naona kifua kinaniwia kizito. Mama akasema uvivu. Shangazi akataka nikasomewe dua. Nilisomewa, nikapata utulivu, wala siyadharau hayo. Mwaka uliofuata likarudi.

Lililonifumbua macho ni sauti nilizokuwa nikimtumia dada yangu kwenye WhatsApp. Nilikuwa natafuta bei ya kitambaa aliyonitajia, nikajikuta najisikiliza mwenyewe, Aprili ya mwaka juzi: "Dada, nimechoka na sijafanya kitu." Nikapanda juu hadi Aprili ya kabla yake. Maneno yale yale, hata pumzi ile ile. Agosti nacheka, naulizia watoto. Hapo nikajua jambo hili lina kalenda yake.

Tangu siku ile nina daftari. Kila usiku naandika nimelala saa ngapi, nimekula nini, nimezungumza na nani. Nimegundua kwangu haianzi kwa kulia, inaanza kwa kuacha kuchana nywele. Nikiona hivyo najua nina kama wiki mbili kabla sijazama, na hizo ndizo wiki zangu za kufanya kitu. Namwambia dada "zimeanza", naye ameshajua maana yake. Natoka nje kila asubuhi hata kama ni matope. Na pesa ya Februari na Machi naiweka kando, maana nusu ya giza langu lilikuwa deni la dukani.

Lenu huja lini, na mnalijuaje?

Mpemba wa London

Waalaykum salaam dada. Mie mtu wa Wete, huku ni mwaka wangu wa sita. Disemba jua linachomoza saa mbili asubuhi, na maghribi inaingia kabla ya saa kumi. Adhuhuri, alasiri na maghribi zote zinakukuta ndani ya zamu moja ya kazi. Kwetu mchana wa Juni na wa Disemba haupishani hata saa nzima, kwa hiyo mwili wangu haujawahi kuonja kitu hichi.

Daktari aliniuliza: inaanza mwezi gani, inaisha mwezi gani? Nilishindwa kujibu. Niliporudi na mwaka mzima niliouandika, ilionekana wazi: mwisho wa Oktoba hadi Machi. Akanieleza kuwa hii ni sonona ya msimu, na kwamba daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake waliielezea Marekani mwaka 1984. Sasa nina taa maalumu ya mwanga wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Nakaa mbele yake nusu saa kila asubuhi nikinywa chai, bila kuikodolea macho. Imenisaidia sana, ila mwenye maradhi ya macho amuulize daktari kwanza.

Lako dada naliona limechanganyika na kazi, deni na kukaa peke yako. Usikimbilie kuagiza taa.

Mama wa Mwani (Jambiani)

Kwangu si masika, ni kaskazi. Januari na Februari maji ya bahari yanakuwa moto, mwani wa kotonii unageuka mweupe na kukatika. Unashuka na bamvua unakuta kamba ulizoufungia ziko tupu. Usiku joto, usingizi hauji. Mwaka mmoja, Februari, niliuza kamba zangu zote na kuapa sirudi baharini. Juni maji yalipopoa wenzangu wakavuna, mie nikakaa ufukweni nalia.

Sasa nina sheria moja: kaskazi siuzi kitu, sigombani na mume, siamui jambo kubwa. Nangoja kusi livume.

Kijana wa Pemba

Baba yangu alikuwa hivi kila karafuu zikimalizika. Watu wakishavunja dago, kambi ya wachumaji, na kurudi majumbani, yeye akinyamaza miezi. Sisi watoto tukimwita mkali. Hakuna aliyemuuliza. Nasoma haya machozi yananitoka.

Muuguzi (Mjini)

Daftari ni zuri, ila lina mpaka wake. Wiki mbili mfululizo hulali, huli, hujali kitu, nenda hospitali. Moyo ukikwambia bora usiwepo, usingoje hata siku moja: mwambie mtu akupeleke leo. Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, jina lake linatutisha tangu utotoni, lakini aliyekosa usingizi kwa huzuni naye ana haki ya kutibiwa pale.

Binti wa Pwani

Kijana wa Pemba, Mungu amrehemu baba kama ametangulia, na kama yuhai, kamuulize.

Mamangu wa mwani, sheria yako naichukua. Mwaka jana mwezi wa Mei niliandika barua ya kuacha kazi, nikampa dada anipelekee. Akaiweka kabatini mpaka Juni, kisha akanirudishia nisome. Leo nimempigia na kumwambia: barua yoyote nitakayoandika kabla mvua hazijaisha, ipite kwako kwanza.