Mjadala: Je, sumu ya panya ikatazwe katika soko la Kadutu?

Mwalimu wa Kadutu: Ndugu zangu wa Bukavu, vijana wanazunguka sokoni wakiuza sumu ya panya katika vipakiti visivyo na maandishi, vimepangwa kwenye sinia moja na pipi za watoto. Naona biashara hiyo ikatazwe. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu isigande, kwa hiyo panya hafi papo hapo, bali hutangatanga siku kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani, na paka anayemla huweza kufa naye. Paka wakiisha, depo zetu zitalindwa na nani?

Mama Mahindi: Mwalimu, wewe panya anakulia chaki, mimi ananilia mtaji. Juzi nilifungua gunia nikakuta kila punje imetolewa kiini na kuachiwa ganda, na chini mkojo umeugandisha unga kama udongo. Paka wangu alikuwa amelala juu ya gunia hilohilo. Tena, mtu anayefuga simbilisi jikoni asinifundishe habari za panya, maana simbilisi ni panya asiye na mkia.

Mwalimu wa Kadutu: Mama, hapo umevuka mpaka. Simbilisi hula majani, huzaa baada ya miezi miwili hivi, na wakati wa vita familia nyingi za Kivu zilikimbia nao kapuni ng'ombe walipokwisha kuporwa. Panya amemlipia nani karo ya shule?

Mwanafunzi wa Lwiro: Wote wawili ni wagugunaji, kwani meno yao ya mbele hayaachi kukua, lakini simbilisi ni wa jamii nyingine iliyotoka milima ya Andes. Ni kwa simbilisi Robert Koch alithibitisha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Na kuhusu swali lenyewe, penye tauni, kama kule Ituri, viroboto huuawa kwanza ndipo panya, kwa sababu panya akifa viroboto wake humhama na kutafuta damu ya mtu. Msisahau pia panya buku wa Morogoro wanaofundishwa kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kutegua mabomu Kambodia.

Mzee wa Bagira: Medali! Mimi nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na sijapata hata cheti. Huyo wa kwangu hanusi bomu, ananikojolea ndoo ya maji, na mkojo huohuo ndio unaoleta homa ya mgunda iliyowasumbua Watanzania kule Lindi mwaka 2022.

Mwanafunzi wa Lwiro: Mzee, kwa heshima, Magawa hakutegua, alinusa tu, waliotegua ni watu. Nilikosea. Ila hakuna aliyenijibu juu ya viroboto.

Mama Mahindi: Viroboto tutavizungumza kesho. Mwalimu, kama simbilisi wako si panya, jike na dume utaniachia kwa bei gani?

Mwalimu wa Kadutu: Mama, kwanza futa lile neno la mkia.