Nina siku moja tu Oaxaca: Monte Albán au Mitla?

MtembezaGede: Salamu jamani. Mie ni wa hapa Malindi, kazi yangu kutembeza wageni pale magofu ya Gede, na Disemba naenda Meksiko mkutanoni, Oaxaca nitapata siku moja tu. Huko kuna magofu ya kale, wengine waniambia Monte Albán, wengine Mitla. Niende wapi na nitazame nini? Sitaki kurudi na selfi tupu.

BintiShela: Kaka enda Monte Albán. Toka mjini ni kilomita 9 hivi, basi ziko, na uende asubuhi mapema kwa sababu kule juu jua lote ni lako, hakuna miti ya kukufunika kama hapo Gede. Wazapoteki, wenyeji wa kale wa huko, walisawazisha kilele kizima cha mlima wakapata uwanja wa karibu mita 300 kwa 200, na hiyo kazi yote bila punda wala mkokoteni, hafu walianza kama mwaka 500 kabla ya Kristo, hata Gede haijafikiriwa! Panda ngazi za jukwaa la kusini ukae tu utazame, bonde lote liko chini yako. Mimi machozi yalinitoka wallahi.

Ami_Swaleh: Hapo kwenye mawe ya Danzantes, yaani wachezaji ngoma, usipite mbio mwanangu. Ni watu uchi wamechongwa wamepindapinda, zamani ikidhaniwa wanacheza ngoma, lakini siku hizi wataalamu wengi wasema ni mateka waliouawa. Tazama macho yamefumba, wengine wamekatwa sehemu za siri. Wale ni watu walikuwa na mama zao, mimi nilisimama nikawaombea.

MtembezaGede: Subhanallah. Na Mitla niiache kabisa?

Ami_Swaleh: Kwa siku moja iache. Ni nzuri sana, kuta zimepambwa kwa vijiwe vilivyokatwa vikashikana bila chokaa, lakini ni kilomita 45 huko na siku itaishia njiani. Mchana nenda jumba la makumbusho la Santo Domingo hapo mjini, ndiko iliko dhahabu ya Kaburi namba 7 la Monte Albán alilofukua mwanaakiolojia Alfonso Caso 1932. Kaburi lilijengwa na Wazapoteki, Wamixteki, kabila jingine la huko, wakaja baadaye wakazika wakubwa wao mumo humo. Ukiona kaburi bila dhahabu yake hujaona kitu.

BintiShela: Na Disemba mvua hakuna ila asubuhi ni baridi, beba sweta. Pale ni zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, sisi wa pwani twahema, ngazi panda polepole.