Ushauri tafadhali: mama ana demensia, usiku halali, na ndugu hawasaidii

Mlezi_Kimya: Wakuu, habari zenu. Naishi na mama, daktari alishasema ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta demensia, yaani kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Asubuhi ana nafuu, tunaongea vizuri tu. Jua likianza kuzama anakuwa mtu mwingine: anazunguka nyumba nzima, ananiita kwa jina la dada yake, anataka kwenda kwao na hali yuko kwao. Usiku halali, nami asubuhi natakiwa kazini. Ndugu wapo, ila wao ni kupiga simu tu, "mama anaendeleaje?" Niwabane vipi wachangie? Naomba ushauri wa heshima, nimechoka.

Mjukuu wa Seremala: Pole sana. Babu yetu naye akiugua hivyo alikuwa anapapasa meza usiku kucha akitafuta misumari. Tukibishana naye kwamba hana kazi tena, ni vurugu hadi alfajiri. Mjomba akamletea vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, awe anavipanga. Alikuwa anavipanga kwa makini kweli, mpaka anasinzia. Nimemkumbuka sana leo.

Kaka Mkuu: Anayeuliza "anaendeleaje" mjibu kwamba anaendelea vizuri, yuko njiani anakuja kwako, jioni anafika. Utaona simu zinavyopungua!

Nesi wa Zamu: Tuache ndugu kidogo. Umesema asubuhi unakwenda kazini. Mama anabaki na nani? Na anatumia dawa gani?

Mlezi_Kimya: Anabaki salama. Shida yangu ni ndugu.

Nesi wa Zamu: Salama na nani?

Mlezi_Kimya: Haya. Nafunga mlango kwa nje. Na usiku nampa kidonge cha usingizi, nakisaga kwenye kinywaji kwa sababu akikiona anakitema. Hakuandikiwa yeye, nilipewa na mtu. Kabla hamjanihukumu, mjue alishawahi kutoka usiku akakutwa katikati ya barabara, magari yanamkwepa. Mngefanya nini nyie? Fundi nimeshaongea naye aje aweke komeo imara zaidi.

Bint Swaleha: Subhanallah. Aliyekubeba tumboni unamfungia kama mfungwa? Radhi ya mama haitafutwi akishakufa.

Nesi wa Zamu: Dada Swaleha, huyu anaomba msaada, tusimfukuze. Mlezi, nisikilize. Moto ukiwaka humo ndani hatoki. Akianguka, hakuna wa kusikia. Na hicho kidonge kinaweza kuwa ndicho kinachomzidishia kuchanganyikiwa na kumyumbisha akitembea. Hata baadhi ya dawa za mzio zinazoleta usingizi huwafanyia hivyo wazee. Zile za kutuliza wagonjwa wa akili nazo ni za tahadhari: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Daktari huweza kuziandika pale inapobidi, lakini kwa kumfuatilia.

Je, hali ya usiku ilibadilika ghafla? Maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, maumivu au choo kigumu vinaweza kumvuruga mzee ndani ya siku chache, na hayo yanatibika. Mchana apate mwanga wa jua na atembee, asilale sana. Mlangoni weka kengele ya kukuamsha. Avae bangili yenye namba yako, na majirani wajue. Akisema anataka kwenda kwao usimbishie, muulize kwao kukoje, mtembee kidogo.

Jicho Pevu: Wakuu mnapigwa kamba. Huyuhuyu kwenye uzi mwingine aliandika kwamba mama yake alifariki. Leo kafufuka ana Alzheimer? Nesi, unapoteza muda wako.

Kaka Mkuu: Duh. Mlezi, hebu njoo ujibu.

Mlezi_Kimya: Aliyefariki ni aliyenizaa. Huyu ni mama mkubwa, ndiye aliyenilea tangu sijui kuvaa viatu. Hao wapiga simu ndio watoto wake wa kuwazaa. Nilinyamaza kwa sababu nikisema hivyo, kila mtu huniambia si mama yako, waachie wenyewe.

Jicho Pevu: Kama ndivyo, nisamehe. Ila kweli, kwa nini usiwaachie?

Mlezi_Kimya: Siwaachii.

Bint Swaleha: Mwanangu, nimekusema vibaya. Mungu akupe nguvu.

Nesi wa Zamu: Basi ukiongea nao usiseme "nisaidieni". Sema "Ijumaa usiku ni wako, nami nalala", na mchana mlipe kwa pamoja mtu wa kukaa naye. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya bure ya walezi yanayoitwa iSupport, wapelekee nao wasome. Kwa makadirio yao, watu wenye demensia duniani mwaka 2021 walikuwa milioni 57, na wengi wanategemea mtu wa nyumbani kama wewe. Huyo mtu naye akiugua, wagonjwa wanakuwa wawili.

Mlezi_Kimya: Fundi nimemwambia asije kwanza. Kidonge nikiache leo hii?

Nesi wa Zamu: Usimzidishie hata kidogo, na usikikate ghafla kabla ya kuongea na daktari. Baadhi ya dawa hizo zikikatwa ghafla zinaleta degedege. Piga simu leo, usisubiri siku ya kliniki. Uwe na pakiti mkononi, na mweleze ukweli wote: unampa kiasi gani, tangu lini, na kwamba unakisaga.