Wa Kigoma apige kura, wa Kalemie azuiwe: nani anastahili kumchagua diwani wa Northampton?

MLETA MADA, NORTHAMPTON

Ndugu zangu, naomba tujadiliane kwa hoja. Tarehe 1 Mei 2025 tulikuwa na uchaguzi wa madiwani wa Halmashauri ya West Northamptonshire, ambayo mji wetu wa Northampton umo ndani yake, na viti vyote 76 viligombewa kwa siku moja. Mimi ni Mtanzania, sina uraia wa hapa wala ukaazi wa kudumu, kibali changu ni cha muda, na nilipiga kura. Kituo kilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Karani alipokea pasipoti yangu ya Jamhuri ya Muungano, akaitazama picha, akanitazama mimi, akaweka rula chini ya jina langu katika daftari, kisha akanipa karatasi. Tangu mwaka 2023 kitambulisho chenye picha ni lazima katika uchaguzi wa madiwani hapa England, na pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi, utadhani kuna mtu angeondoka nayo.

Jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu zinagawana ukuta, ni Mkongo wa Kalemie. Ana ukaazi wa kudumu, alifika mji huu miaka saba kabla yangu, na bili yake ya kodi ya halmashauri haina tofauti na yangu hata kwa pauni moja. Yeye hakupiga kura. Kwangu kadi ya kuniarifu kituo changu iliingia mlangoni mwezi mmoja kabla. Kwake haikuingia, kwa sababu Kongo si mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Kwa maneno mengine, Ziwa Tanganyika ndilo linaloamua nani amchague diwani wa kata yetu: ukizaliwa upande wa Kigoma unapewa karatasi, ukizaliwa ng'ambo unabaki nyumbani.

Wapo wanaosema kwamba ni suala la historia, kwa maana kura ilikuwa ya raia wa himaya ya mfalme na sisi tumeirithi. Historia hiyo haisimami sawasawa. Rwanda na Burundi zote mbili zilitawaliwa na Ubelgiji, wala si Uingereza. Lakini kwa kuwa Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, Mnyarwanda anayeishi hapa anapiga kura na Mrundi hapigi. Msumbiji, iliyotawaliwa na Ureno, ilijiunga mwaka 1995, na watu wake wanapiga kura. Zimbabwe ilijitoa mwaka 2003, na watu wake bado wanapiga kura, kwa sababu jina la nchi yao halikuondolewa katika orodha ya sheria. Mbarawa kutoka Somalia, ambaye lugha yake ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, yeye hana nafasi mpaka achukue uraia.

Na si kwamba Uingereza nzima inafuata utaratibu huu. Scotland ilibadilisha sheria mwaka 2020, Wales ikafuata mwaka 2021, na sasa huko mgeni yeyote anayeishi kihalali anachagua diwani wake, awe ametoka Goma au Muscat. Mkongo anayeishi Newport, Wales, akihamia Bristol, England, anaiacha kura yake upande ule wa daraja la Severn.

Hoja yangu ni fupi: katika uchaguzi wa halmashauri, kipimo kiwe ni kuishi mahali na kulipia huduma za mahali hapo. Anayepinga atueleze kwa nini.

MCHANGIAJI, LUTON

Ndugu mleta mada, mimi ninapinga, na ninapinga nikiwa Mkenya niliyechukua uraia wa hapa bila kuuacha wa kwetu, jambo ambalo Katiba yetu ya 2010 inaliruhusu. Umeanza na dosari iliyopo, nami nakubali kwamba ni dosari, lakini dawa unayoipendekeza ni kuipanua. Mimi naona tungeifunga. Kura si risiti ya kodi. Mwanafunzi wa chuo anayesoma muda wote hatozwi kodi ya halmashauri, na hakuna anayesema anyang'anywe kura. Mwenye nyumba tatu katika mji mmoja hapewi kura tatu. Kura ni ahadi ya kukaa na kubeba matokeo ya ulichokichagua. Wewe mwenyewe umetuambia kwamba kibali chako ni cha muda.

Halafu tuulizane kuhusu kurudishiana. Mwingereza anayeishi Arusha kwa miaka ishirini, je, anamchagua diwani wa kata yake? Hamchagui, kwa kuwa daftari la Tanzania ni la raia tu. Kwetu Kenya pia hawezi kumpigia kura mwakilishi wadi. Tunadai mlango ambao sisi wenyewe hatuufungulii wengine. Mwaka 2008 Lord Goldsmith, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali hapa, alipendekeza katika ripoti yake kwamba kura ya Bunge, ambayo watu wa Jumuiya ya Madola nao huipiga, iwe ya raia peke yao. Serikali haikuyafuata mapendekezo hayo, lakini sikuona ubaguzi ndani yake; niliona mpangilio. Anayetaka kura achukue uraia, kama nilivyofanya mimi.

MCHANGIAJI, KETTERING

Dada yangu wa Luton, unasema «achukue uraia» kama mtu anayesema achukue mwavuli. Mimi ni Mkongo. Katiba yetu inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, haushikwi pamoja na mwingine. Nikiapa hapa, kwa sheria nimeacha kuwa Mkongo, na nitamzika mama yangu Bukavu nikiwa mgeni mwenye viza. Nchi yako imekuruhusu mikono miwili. Usimlaumu mwenye mkono mmoja. Bado sijataja ada yenyewe, ambayo inazidi pauni 1,500 kwa mtu mzima, mbali na mitihani.

Sasa niseme kuhusu hilo la kubeba matokeo. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kampuni inayoniajiri inalipwa na halmashauri kwa muda wa kila ziara, na ziara nyingine ni dakika kumi na tano: nimnyanyue bibi kitandani, nimbadilishe, nimpe dawa na chai, niandike kwenye simu, niondoke. Halmashauri ikipunguza bajeti ya wazee, ni dakika zangu zinazokatwa, na ni chai ya yule bibi inayobaki mezani. Yeye anaweza kumpigia kura diwani anayeamua jambo hilo. Mimi ninayemvalisha viatu aende kituoni, siwezi.

Na nilikuwepo mwaka 2018. Vijana huenda hawajui. Mwezi Februari mwaka ule, Halmashauri ya Kaunti ya Northamptonshire, iliyokuwa juu yetu sote, ilitoa tangazo la kisheria la kusimamisha matumizi mapya, yaani ilikiri kwamba fedha hazitoshi, wakati makao yake makuu mapya ya pauni milioni 53 yalikuwa yamefunguliwa mwaka uliotangulia tu. Ilibidi jengo liuzwe, kisha halmashauri ikawa mpangaji humo humo. Ikapanga kuacha kuendesha maktaba 21, mpaka Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo kwa kuwa taratibu hazikufuatwa. Mkaguzi aliyetumwa na serikali alisema isirekebishwe, ivunjwe. Aprili 2021 ikavunjwa, na halmashauri nane zikawa mbili. Katika hayo yote nililipa kila mwezi, na hakuna diwani hata mmoja aliyewahi kugonga mlango wangu, kwa sababu wapiga debe hutembea na orodha ya daftari na jina langu halimo. Hilo linaniuma kuliko kura yenyewe: anayezunguka mtaani anairuka nyumba yangu kama kiwanja kitupu.

MCHANGIAJI, READING

Mimi nitasema machache. Mleta mada ana haki, ila hana busara ya wakati. Upepo wa siasa hapa unajulikana. Huko huko kwenu Mei 2025, Reform UK, chama kinachotaka wahamiaji wapunguzwe, kilichukua zaidi ya nusu ya viti na kuongoza halmashauri zote mbili za Northamptonshire. Ukisimama leo ukauliza kwa sauti kwa nini Mtanzania mwenye kibali cha muda anapiga kura na Mkongo mkaazi wa kudumu hapigi, utakayemwamsha hatamwongeza Mkongo. Atamtoa Mtanzania. Acheni nyuki walale.

MLETA MADA, NORTHAMPTON

Nawashukuru, na naanza na wa Reading. Haki inayodumu kwa sharti kwamba tusiitaje, hiyo ni bahati, na wenye sheria wanaijua bila sisi kuwakumbusha. Pendekezo la Goldsmith lina umri wa miaka mingi. Ninyamaze mbele ya jirani yangu ili nisije nikapoteza, halafu nimsalimie asubuhi tukitoa mapipa ya taka? Siwezi.

Kwa dada wa Luton nakubali jambo moja, na huenda Watanzania wenzangu wasifurahi. Kura ya Bunge inahusu vita, mikataba na mipaka, na humo hoja yako ya ahadi ina uzito. Kama siku moja wakisema kura ya Bunge iwe ya raia peke yao, sitapiga kelele. Lakini diwani hatangazi vita. Anaamua taka zichukuliwe lini, nani apewe nyumba ya halmashauri, basi la mtoto mlemavu liende shule au lisiende, na zile dakika kumi na tano. Kuhusu Mwingereza wa Arusha, umenibana, na jibu langu ni kwamba naye angestahili kumchagua diwani wa kata yake. Ireland iliwafungulia wageni wote uchaguzi wa halmashauri zamani sana, bila kuuliza kama Waireland wanapewa hivyo kwingine.

Kosa langu katika mada ni kuzungumzia madiwani bila kusema kwamba wao hawana mamlaka juu ya daftari. Sheria hii ni ya Bunge la London. Hivyo, ndugu wa Kettering, nina ombi. Mbunge wa jimbo lako anawajibika kuwasikiliza wakazi wote, wenye kura na wasio nayo, na hutakiwi kuonyesha pasipoti. Anwani yako na msimbo wa posta vinatosha. Andika yale uliyotuandikia kuhusu viatu vya yule bibi, kwa Kifaransa ukipenda, nami nitatafuta wa kukusaidia kuyaweka katika Kiingereza. Jirani yangu ameshakubali kuandika kwa wa kwetu, ingawa ameniuliza swali ambalo sijapata jibu lake: mbunge akisoma barua ya mtu asiyeweza kumwondoa madarakani, ataiweka kwenye rundo lipi?