Mkulima anaielewa Tenera (mbegu ya kisasa ya mchikichi) vizuri lakini hapandi. Kazi yangu hasa ni ipi?

BibiShamba_Uvinza

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za kazi.

Mimi ni afisa ugani wa kata moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini, na swali hili limeninyima usingizi tangu mkutano wa Jumanne.

Zao letu ni mchikichi. Karibu mashamba yote ni Dura, ile ya asili yenye ganda nene na nyama kidogo. Miti mingine ilipandwa na babu zao. Tangu 2018 serikali imelivalia njuga zao hili, kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu ya Tenera na miche inatufikia. Nimefundisha kwamba Tenera ina ganda jembamba na mafuta mengi, kwamba ikitunzwa inaanza kuzaa mwaka wa tatu kuelekea wa nne, na kwamba inapandwa mita 9 kwa 9 kwa mtindo wa pembetatu. Jumanne nilimuuliza mzee mmoja maswali hayo mbele ya watu. Alijibu yote bila kukosea, kisha akaniambia: "Mwanangu, tumekuelewa. Miche yako iko pale kivulini, tunaimwagilia."

Nikaenda kuiangalia. Miche 40 kwenye viriba, imestawi kweli, lakini mizizi imeshatoboa plastiki na kuingia ardhini. Imekaa hapo miezi mitano na hakuna shimo hata moja lililochimbwa.

Chuoni niliandika kwenye mtihani kwamba lengo la elimu ya ugani ni kubadili maarifa, ujuzi na mtazamo wa mkulima ili aboreshe maisha yake. Sasa hapa maarifa yapo na miche ipo. Ofisini naulizwa miche mingapi imegawiwa, na kwenye taarifa idadi inapendeza. Waliotangulia naombeni mniambie nakosea wapi.

---

Mstaafu_Urambo

Marahaba binti yangu.

Nilianza kazi ya bwana shamba 1981, vituo vyote mkoa wa Tabora, mpaka nikastaafu. Nitakueleza kosa langu, maana linafanana na lako.

Msimu wangu wa kwanza niliwakuta watu wanalima matuta makubwa, mahindi juu, karanga ubavuni, maboga yanatambaa chini. Mimi nilikuja na kamba yenye fundo kila sentimita 30, mstari hadi mstari sentimita 75, na niliamini kile kilimo cha mchanganyiko ni cha kizamani. Mama mmoja mjane akanipa robo eka. Nikaisawazisha na kupanda tambarare, mistari imenyooka kama reli ya Kigoma. Sehemu iliyobaki yeye akainua matuta yake kama kawaida. Januari mvua ikapiga siku nne mfululizo. Ardhi ile ni ya mbugani, maji hayashuki. Mahindi yangu yalisimama majini mpaka majani ya chini yakageuka njano, na ya kwake yalikuwa juu ya tuta, kijani kitupu. Hakunisimanga. Alisema tu, "Hukuniuliza maji yanapita wapi."

Nimefanya kazi zaidi ya miaka 30 na bado nalisikia lile neno. Wanachuo wanafundishwa kwamba ugani huanzia pale mkulima alipo. Wanaliandika, wanafaulu, halafu wanaanzia pale mbegu ilipo. Hapa Urambo tuna kumbukumbu kubwa kuliko robo eka yangu. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga hapa, Kongwa na Nachingwea, mradi wa fedha nyingi ajabu. Mwaka 1951 ulishafutwa. Wataalamu hawakukosekana. Waliokosekana ni watu wa kuulizwa kuhusu mvua na udongo, na watu hao walikuwa wanaishi palepale.

Sasa nije kwako. Mzee amekujibu sahihi, kwa hiyo acha kumfundisha Tenera. Muulize: ukiukata huu mti wa babu, miaka hiyo mitatu mboga inaungwa na nini? Ada inatoka wapi? Huko Marekani mwaka 1903, mtaalamu wa kilimo Seaman Knapp alipoanzisha shamba la mfano Terrell, Texas, shamba lilibaki la mkulima na kazi aliifanya mkulima mwenyewe. Lakini kabla ya hapo wafanyabiashara wa mji ule walichanga fedha za kumfidia akipata hasara. Jambo hilo husahaulika sana. Watu husimulia shamba la mfano, wanaacha mfuko wa kufidia. Wewe huna mfuko, basi punguza ukubwa wa hasara. Asikate shamba lote. Atafute kona yenye jua, apande miche 10 au 15, na katikati aweke maharage au karanga kabla michikichi haijafunga kivuli. Nafasi ya mita 9 inaruhusu kabisa. Na hiyo kona aichague yeye.

---

MamaNeema_Kasulu

Mdogo wangu, pole na kazi. Mimi si mtaalamu, nalima mahindi na maharage hapa Kasulu. Nakuuliza: huo mkutano wa Jumanne ulikuwa saa ngapi, na nani walikaa mbele?

Kwetu mikutano ilikuwa saa nne asubuhi. Saa hiyo mimi niko shambani na mtoto mgongoni. Wanaokuja ni wanaume, wanasaini, wanapiga picha. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, tangazo la dawa lilinifikia kupitia mume wangu, nusu nusu. Nikanunua, nikapiga saa sita mchana. Kumbe mchana mdudu amejificha ndani kabisa ya moyo wa muhindi. Dawa ikakauka juu ya majani na yeye akaendelea kula.

Baadaye akaja afisa mwingine, kijana mpole. Alituuliza sisi akina mama siku na saa. Tukachagua Alhamisi saa kumi jioni, shamba darasa, watu 22. Alituambia mtindo huo ulianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga. Hakutuhutubia. Kila wiki tulikuwa tunaingia shambani, tunasimama sehemu tano, kila sehemu tunakagua mashina kumi na kuandika tulichokiona. Siku ya pili nilifunua jani, chini yake nikaona kitu kama ukungu wa kijivu wenye manyoya. Nikataka kukipita. Akaniuliza, "Mama, hicho unadhani ni nini?" Tukakichunguza kwa kioo cha kukuzia, kumbe ni mayai, mengi mno, yamefunikwa. Niliyaponda kwa kidole gumba palepale. Siku hizi nakagua mwenyewe, nikikuta mashina machache naponda au natia majivu kwenye moyo wa muhindi, na nikikuta mengi napiga dawa jioni. Simpigii simu mtu kuniambia nifanye nini.

Nikuongezee jambo moja la michikichi. Dada yangu ameolewa huko kwenu Uvinza. Nyumbani kwake mawese ni hela ya mume, mise, yaani zile kokwa za ndani ya chikichi, ni hela yake. Umemuuliza mke wa huyo mzee?

---

Kijana_wa_Ujiji

Naunga mkono wote. Ila dada, mkizungumza na wakulima waambie na sababu, msitoe amri tupu. Kwetu tuliambiwa "msiokote mbegu ya Tenera ya jirani" bila maelezo, basi watu wakaokota, maana tunda lile lile linaonekana zuri. Tenera ni mtoto wa Dura na Pisifera, ile aina isiyo na ganda. Ukipanda mbegu iliyotokana na Tenera kwa Tenera, kwa wastani kati ya miche minne mmoja unarudi kuwa Dura na mmoja unakuwa Pisifera, ambayo mara nyingi mikungu yake inaozea mtini kabla ya kukomaa. Baba yangu alilisubiri shamba la namna hiyo miaka minne. Angeelezwa hivyo mapema asingeokota. Mfugaji yeyote anaelewa habari ya mbegu ya dume na jike.

---

BibiShamba_Uvinza

Narudi baada ya wiki tatu. Asanteni sana, na wewe dada MamaNeema Mungu akubariki, maana nilikuwa sijamuuliza.

Nilienda jioni bila daftari. Nilimkuta mke wa mzee amekaa kwenye mkeka, jiwe moja kubwa chini, dogo mkononi, anabangua mise. Nikakaa, nikabangua naye. Anaisimamisha kokwa ya Dura kwa vidole viwili, anapiga mara moja, ganda linapasuka na kiini kinatoka kizima. Mimi nilijipiga kidole mara mbili. Tulipofika nusu ya sado akaingiza mkono kwenye mfuko wa kitenge, akanitolea kokwa ndogo tatu. Zilikuwa za Tenera, aliziomba kwa jirani ili aone. Akapiga ya kwanza: ganda na kiini vikasagika pamoja. Akasema, "Mafuta yataongezeka kwa baba. Mimi nitauza nini?"

Miaka miwili nafundisha kwenye kata hii, na hilo swali halimo kwenye somo lolote nililotoa.

Tuliongea watatu mpaka giza. Wamekubaliana miche 12, si 40. Mzee amechagua kona ya juu, kwa sababu ya chini maji hutuama Aprili. Maharage yatakayopandwa katikati ya michikichi ni ya mama, na mzee amelitamka hilo mbele yangu. Jana tumechimba mashimo manne ya kwanza. Miche mingine 28 nimeihamishia kwa majirani wawili waliokuja wenyewe kuuliza.

Kwenye taarifa ya mwezi nimeandika 12 pale ilipokuwa 40, na nimeeleza kwa nini.

Sasa naomba msaada wenu tena: kuna anayejua mashine ndogo ya kubangua mise za Tenera bila kusaga kiini, ya kuweza kununuliwa na kikundi cha akina mama kumi hivi? Nimewaahidi jibu kabla ya msimu wa mvua.